Machozi ya Zerin

Simu kutoka hospitali ya mji wa Vidin ilimkuta Rositsa amepiga magoti kwenye roshani, mikono imezama mpaka viwikoni ndani ya pipa la kabichi ya chumvi. Ilikuwa Jumatatu, mwezi wa Novemba, na kabichi haina subira: maji yake yasipozungushwa kila baada ya siku mbili tatu, inaoza. Ikioza, katika nyumba ile kila mtu alijua nani angebeba lawama. Alifuta mkono kwenye aproni, akaishika simu kwa ncha za vidole.

"Mama yako anaruhusiwa Ijumaa," alisema nesi. "Nyonga imeungwa vizuri, ila hawezi kukaa peke yake. Miezi miwili hivi anahitaji mtu wa kumshika mkono. Kuna ndugu huko kijijini?"

"Hakuna," alisema Rositsa. "Baba alishafariki. Nimebaki mimi tu, na mimi niko Sofia. Naomba uniambie, dada yangu, ataweza kupanda treni?"

"Hebu sema tena," alisema nesi.

"Niseme nini?"

"Chochote kile. Wewe si Zerin wewe? Jamani wenzangu, njooni, Zerin yuko kwenye simu."

Rositsa alisikia viti vinaburutwa na watu wanakuja mbio. Maji ya kabichi yalimchuruzika mpaka kwenye kwapa. Wakamwomba aseme lile neno la kila siku, basi akalisema: "Nisamehe, mama, sitarudia." Angefanyaje? Mama yake alikuwa mikononi mwa watu hao hao. Wakacheka, mmoja akapiga makofi, mwingine akasema nywele zimemsimama. Ndipo nesi alipokumbuka swali. Treni anaweza kupanda, alisema, mradi apate kiti cha kunyooshea mguu.

Zerin hakuwa mtu. Alikuwa mke wa kijana mmoja tajiri kwenye tamthilia ya Kituruki, ile ya saa mbili usiku, na kwa miaka mitatu alikuwa hajapata siku moja njema. Mavyaa wake, Bi Mukerem, alimfungia stoo, akamchomea nguo, akamsingizia wizi wa pete. Zerin yeye alilia, akaomba msamaha kwa makosa yasiyo yake, kisha akampelekea Bi Mukerem kahawa. Watu wazima waliacha sufuria ziungue jikoni kwa ajili yake. Na kwa Kibulgaria, Zerin alilia kwa koo la Rositsa. Studio ile ya kutia sauti ilikuwa na watu wanne, wanaume wawili na wanawake wawili, na hao wanne waligawana dunia nzima. Marga, mwenye sauti nzito ya sigara, alichukua mama wakwe, wachawi na mahakimu. Rositsa alichukua mabibi harusi, watumishi, yatima, na vichanga inapobidi. Alifanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili. Hakuna mwanamke wa kuonewa aliyepita kwenye televisheni ile bila kupita kwanza kinywani mwake.

* * *

Ukitaka kumjua mpenzi wa Zerin kuliko wote Bulgaria nzima, usiende mbali. Alikuwa Bi Gina, mavyaa wa Rositsa mwenyewe, mwenye fleti ile ya ghorofa ya saba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Ilikuwa na vyumba viwili na jiko. Chumba kimoja alilala Bi Gina, na cha pili, chenye televisheni, walilala Rositsa na mumewe Lyuben kwenye kochi la kukunjua, baada ya Bi Gina kumaliza kutazama. Ikifika saa mbili kasorobo Bi Gina anakuwa ameshakaa kwenye kiti chake chenye mito, leso mkononi. Kiti hicho hakukikalia mtu mwingine.

Alijua fika mkwewe anafanya kazi gani. Lakini mtu akiyaunganisha mambo hayo mawili alikasirika. "Wewe unasoma karatasi tu," alikuwa akimwambia Rositsa. "Anayelia ni yule." Nyani haoni kundule, na Bi Gina hakuwa wa kwanza.

Jumatatu hiyo walikuwa wanakula supu ya maharage. Rositsa alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno yake ndani ya lifti, kupanda na kushuka.

"Mama," alianza, "mama yangu anatoka hospitali Ijumaa."

"Mungu ampe afya. Supu hii umeisahau chumvi."

"Hawezi kukaa peke yake. Nilikuwa nawaza kile kitanda cha jikoni. Miezi miwili tu, nyonga ikaze. Hatamsumbua mtu. Hata kula kwenyewe hali sana."

Bi Gina aliweka kijiko chini. "Jikoni kwangu?"

"Miezi miwili, Mama."

"Mgeni wa jikoni haondoki, mimi namjua. Leo kitanda, kesho sufuria, keshokutwa anakuambia uhame kiti. Bibi wawili jiko moja ni vita. Kwa nini asikae kwake?"

"Kwake hakuna hata wa kumwashia moto."

"Mimi nilivunjika mkono nikawa nakamua mbuzi kwa mkono mmoja. Sikusikia mtu akinitafutia kitanda mjini."

Rositsa alimtazama Lyuben. Lyuben alikuwa fundi wa tramu, zile treni za barabarani za mjini, hana pombe, hana ngumi, mtu wa amani. Na mtu wa amani katika nyumba ya namna ile ni yule anayemwomba mnyonge anyamaze. "Rosi, tutaona," alisema akiyaangalia maharage yake. "Usimpandishe mama presha."

"Lini tutaona? Zimebaki siku nne."

"Sauti hiyo," alisema Bi Gina, ingawa Rositsa hakuwa amepandisha sauti. Alikohoa kile kikohozi chake, kifupi, kikavu, ambacho siku zote kilitangulia neno baya. "Miaka thelathini unakula hapa. Mkate wangu unateremka vizuri. Maneno yangu ndiyo yanayokukwama kooni."

Hilo neno la mkate Rositsa alilisikia mara ya kwanza wiki moja baada ya harusi, kwa sababu ya chupa ya pilipili aliyoivunja. Baada ya hapo alilisikia Krismasi, Pasaka, na siku nyingi zisizo na jina. Akakusanya sahani.

Saa mbili ilipofika yeye alikuwa anaosha vyombo. Kupitia ukutani alisikia anavyolia Zerin, yaani anavyolia yeye mwenyewe, amelazwa kwenye banda la farasi na mvua inanyesha. Na juu ya kilio hicho alimsikia Bi Gina anapenga kamasi. "Maskini mtoto wa watu," Bi Gina alikuwa akisema. "Hana hata mmoja wa kumtetea. Hivi mumewe ni mwanaume yule? Lyuben, hebu mtazame. Ni mwanaume yule?"

"Hapana, Mama," alisema Lyuben.

Vyombo vilipokwisha, Rositsa alitoka kwenye roshani, akampigia mama yake. Bi Velika alipokea simu kwa kunong'ona, asimwamshe mgonjwa wa kitanda cha pili.

"Usihangaike, mwanangu. Nitajikokota tu nyumbani. Samahani nimeanguka."

"Mama, mtu haombi samahani kwa kuanguka."

"Basi samahani," alisema Bi Velika.

* * *

Jumanne asubuhi studio haikuwa na Marga. Alikuwa na mafua, sauti imekauka kabisa. Krum, mwongozaji wao, mtu mnene aliyekunywa kahawa kwenye chupa ya jamu, alimkabidhi Rositsa mafungu mawili ya karatasi badala ya moja.

"Utamchukua na Mukerem. Siku tatu tu."

"Mimi, Krum? Mimi siwezi kumgombeza mtu."

"Hakuna aliyekwambia uweze. Soma."

Sehemu yenyewe ilikuwa kubwa: Bi Mukerem anamfukuza Zerin. Rositsa alivaa vipokea sauti masikioni, picha ikaanza, akasema, "Toka nyumbani kwangu." Krum alisimamisha. Aliuliza kupitia kioo kama anamfukuza mtu au anamkaribisha chai. Wakarudia. Mara ya pili ikawa mbaya kuliko ya kwanza. Sauti ilitoka kwa heshima zote, ya mtumishi anayebisha mlango. Pavel, aliyekuwa anangoja zamu ya kuwa mume na mtunza bustani, alicheka mpaka akatoka nje ya mstari wa kipaza sauti.

"Rosi, mpenzi," alisema Krum, "hujawahi kukutana na mwanamke mbaya maishani?"

Mara ya tatu Rositsa alifumba macho. Akasikia kikohozi kikavu, kifupi, na ilimchukua muda kutambua kwamba kimetoka kwake. "Toka nyumbani kwangu," alisema, na sauti ile ilitoka tumboni, imetulia, haina haraka, sauti ya mtu ambaye hati ya nyumba iko kabatini mwake. Mstari kwenye karatasi uliishia hapo. Lakini kwenye picha mdomo wa yule mama wa Kituruki uliendelea kwenda, maana mfasiri alikuwa amefupisha. Katika kazi yao mdomo haukuachwa uende bure. Kila mmoja wao alijua kuujaza kwa chochote kilichokuwa karibu. Rositsa akaujaza. "Miaka yote unakula hapa," alisema. "Mkate wangu unateremka vizuri. Maneno yangu ndiyo yanayokukwama kooni."

Pavel alivua vipokea sauti. Krum aliweka chupa yake mezani.

"Umeitoa wapi hiyo?"

"Sijui. Imenitoka. Nirudie bila hiyo?"

"Urudie? Midomo imekaa sawasawa kabisa. Usiiguse."

Alisoma Bi Mukerem mpaka saa kumi, na katikati akawa anageuka Zerin na kujilia mwenyewe. Tuseme ukweli: alijisikia vizuri. Miguu ilikuwa imara, kifua kipana. Alimsimanga yule binti, akamtukania ukoo, akamtupia koti mlangoni, na hakuona aibu hata chembe. Ndilo lililomtisha. Kwenye tramu ya kurudi alikaa amejishika koo kwa kiganja, na mtoto mmoja akamuuliza mama yake yule shangazi anaumwa nini.

Jumatano akili ilimrudia. Kama Bi Gina angeyasikia yale maneno, basi suala la kitanda lilikuwa limekufa na kuzikwa. Alimpigia Krum. Aliomba ule mstari uondolewe.

"Umeshakwenda kituoni," alisema Krum. "Wameusifia. Marga akipona namwambia akuige."

Usiku huo alimjaribu Lyuben tena, wakiwa wamelala. Lyuben alikuwa na wazo: huko kijijini si yupo yule jirani, Bi Kuna, angemwangalia mama? Rositsa alimkumbusha kwamba Bi Kuna ana miaka tisini na miwili, na kwamba Bi Velika ndiye aliyekuwa akimwangalia yeye mpaka siku aliyoanguka. "Aa," alisema Lyuben. Baada ya muda alianza kukoroma.

* * *

Alhamisi Bi Gina alikuwa na mgeni. Bi Latinka wa ghorofa ya nne alipanda na mashine yake ya kudarizi mdomoni, yaani maneno, na mkononi sufu ya kufuma soksi na sahani ya mkate wa maboga. Rositsa alijitahidi. Alisema umeme wa televisheni una hitilafu. Alisema kwenye chaneli nyingine kuna ngoma za kienyeji. Alisema hata kwamba sehemu ya leo ni mbovu, yeye ameiona, haina maana.

"Niachie mwenyewe niione ubovu wake," alisema Bi Gina. "Lete chai."

Alileta chai, akabaki amesimama mlangoni pa jikoni na kitambaa cha kufutia vyombo. Asingeweza kukaa, wala asingeweza kuondoka. Kwenye televisheni Bi Mukerem alishuka ngazi za jumba lake polepole. Zerin alikuwa chini, na koti lake mkononi. Bi Mukerem akakohoa, kikohozi kifupi, kikavu. Toka nyumbani kwangu, alisema. Kisha akaleta lile la mkate.

Bi Gina aligonga mkono wa kiti. "Mungu akukaushe huo ulimi," aliiambia televisheni. "Unamsimanga mtoto wa watu kwa kipande cha mkate? Mwanamke mwenye roho kama hiyo akifa hata ardhi isimpokee. Umemsikia, Latinka? Umemsikia huyo nyoka?"

Bi Latinka alikuwa ameacha kufuma. Hakuwa mtu mbaya Bi Latinka. Alikuwa tu mtu ambaye kitu kikishaingia jichoni lazima kitokee mdomoni. "Gina," alisema, "lakini hayo si maneno yako?"

"Maneno gani?"

"Ya mkate. Ulimwambia mkweo siku ya Pasaka, na mimi nilikuwepo, nimeshika yai langu jekundu la sikukuu. Na kukohoa kule ni kwako."

Mkuki kwa nguruwe, walisema wahenga, kwa binadamu mchungu. Bi Gina alibaki na leso hewani. Kwanza aliitazama televisheni, halafu Bi Latinka, halafu akageuza kiti kizima, kwa kuwa shingo yake haikugeuka siku hizo, akamtazama Rositsa pale mlangoni. Uso ulikuwa umemwisha rangi. Bi Latinka alikusanya sufu yake, akasema ameacha kitu jikoni, akaondoka. Sahani aliikumbuka.

"Umenitia kwenye televisheni," alisema Bi Gina.

"Ilinitoka, Mama."

"Nchi nzima imenisikia."

"Hakuna anayejua ni wewe."

"Latinka anajua. Latinka ndiye nchi nzima."

Lyuben alitokea bafuni, povu la kunyolea likiwa bado shavuni. Aliona mama yake analia, na safari hii hakuwa anamlilia Zerin. Hakuuliza kisa. "Rosi," alisema, kama mtu anayeomba mlango ufungwe, "mwombe mama msamaha."

Rositsa alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, yamepangwa tayari, hayakuhitaji hata karatasi. Alishayasema mara elfu. Na kabla hajayatoa, akayasikia. Kwenye televisheni Zerin alikuwa amepiga magoti kwenye marumaru, ameshika pindo la gauni la Bi Mukerem. Nisamehe, mama, sitarudia. Kwa sauti ile ile, kwa pumzi ile ile.

"Nimeshaomba," alisema Rositsa. "Mmesikia pale. Inatosha."

"Rosi."

"Kesho naondoka na treni ya saa moja. Jioni nitarudi naye. Mkifunga mlango, nitabonyeza kengele mpaka jengo zima litoke, na wa kwanza atakuwa Bi Latinka." Alikikunja kitambaa cha vyombo, akakitundika mlangoni. "Sijawahi kuwaomba kitu. Nimekaa nikakumbuka usiku kucha nione kama nimewahi kuomba kitu. Sijawahi."

Bi Gina alinyoosha mkono, akaizima televisheni kabla tamthilia haijaisha, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika miaka mitatu, kisha akaenda chumbani kwake akishika ukuta. Lyuben alibaki na povu linamkaukia shavuni.

* * *

Bi Velika alikuwa amevaa tangu alfajiri. Rositsa alimkuta ukingoni mwa kitanda cha hospitali, mdogo kuliko alivyomkumbuka, koti limefungwa vifungo vyote, begi mapajani.

"Wamekubali?" aliuliza Bi Velika.

"Wanatungoja," alisema Rositsa, na hakuona kama huo ni uongo, kwa kuwa mtu anaweza kungojwa kwa namna nyingi.

Treni ilichukua saa tano na zaidi. Bi Velika alimwomba kondakta samahani kwa kuziba njia na mguu wake. Aliwaomba samahani wanafunzi wawili waliosimama ili yeye apate kunyooka. Walipofika kwenye mahandaki ya reli aliomba samahani kwa kuogopa giza. Rositsa alimshika mkono, akatazama dirishani, akihesabu stesheni zinavyopungua. Alikuwa akiandaa maneno. Aliandaa ya upole, akayatupa, akaandaa makali, nayo akayatupa.

Jioni walipanda lifti hadi ghorofa ya saba, magongo, mabegi na wao wenyewe wamebanana. Rositsa aliingiza ufunguo. Ulizunguka, lakini mlango ulifunguka upana wa kiganja tu, ukakwama. Mnyororo wa ndani ulikuwa umewekwa.

Alibonyeza kengele. Hatua zilikuja polepole, zikasimama. Kwenye ule mwanya likatokea jicho la Bi Gina, na chini yake kipande cha mdomo uliobanwa. Rositsa alivuta pumzi, lakini mama yake alimtangulia.

"Samahani, mkwe wangu," alisema Bi Velika. "Samahani sana. Najua nimekuja kukujazia nyumba. Nitakaa pembeni, hata hutaniona. Ukisema niondoke, nitaondoka. Ila usimlaumu mtoto. Kosa ni langu, mimi ndiye niliyeanguka."

Wakwe hawa wawili walikuwa hawajaonana kwa miaka kumi na tisa, tangu mazishi ya mume wa Bi Gina, na msibani watu hawaongei sana. Bi Gina alisikiliza. Midomo ilimlegea. Ile pumzi ndogo kabla ya samahani, ya mtu anayeomba ruhusa hata ya hewa. Yale maneno yanayoanza juu na kuishia chini kabisa. Jicho lililokuwa kwenye mwanya likajaa maji.

"Zerin," alisema Bi Gina, taratibu.

Rositsa alishika mbao za mlango. Miaka ishirini na miwili aliamini sauti ile aliibuni mwenyewe, siku ya majaribio, walipompa karatasi na kumwambia alie. Hakuibuni. Aliichukua jikoni kwao kijijini, ambako mama yake alimwomba baba yake samahani mvua ikinyesha, na samahani isiponyesha. Aliichukua bila kuomba, akaiuza kwa sehemu, jioni baada ya jioni, na watu wakailipa kwa machozi. Alijisikia vibaya, na hakuwa na pa kuliweka hilo.

Mnyororo ulidondoka. Bi Gina alifungua mlango wote.

"Ingia, maskini. Ingia, mtoto wa watu," alisema, na machozi yalimtiririka waziwazi, hayakufutwa. Alimshika Bi Velika kiwiko kwa mikono yote miwili. "Nani kakutesa hivi? Wamekulisha njiani? Hawajakulisha, naona. Tazama ulivyokonda, na una mtoto mjini." Hapo alimtupia Rositsa jicho. "Njoo ukae hapa kwenye kiti changu. Lyuben, lete kigoda cha mguu, upesi. Mtu amesafiri na nyonga mbovu nyie mnamsimamisha kwenye ngazi."

"Samahani," alisema Bi Velika.

"Nyamaza, mwanangu. Umeshaomba sana."

Wakaenda ndani, mmoja amemwegemea mwenzake, na hakuna aliyeweza kusema nani anamshika nani. Lyuben aliwapita mbio na kigoda. Rositsa alibaki ukumbini mwa ghorofa na mabegi mawili na kofia ya mama yake. Jambo lake lilikuwa limekuwa. Mama yake alikuwa ndani, kwenye joto, kwenye kiti kisichokaliwa na mtu. Alijiambia afurahi, na alifurahi.

"Rositsa," aliita Bi Gina kutoka ndani. "Funga mlango, mama yako atapigwa na baridi. Na uweke maji ya chai."

Alisukuma mabegi ndani kwa mguu. Akaufunga mlango, lakini yeye akabaki upande wa nje. Akakaa kwenye ngazi ya juu, bado amevaa koti na viatu, kofia ya mama yake mapajani. Alitaka kusema neno moja tu, alisikie. Sauti ya kwanza iliyomjia ilikuwa ya kuomba. Akaiacha. Ya pili ilikohoa kidogo, ikataka kukata. Hiyo nayo akaiacha. Wenye sauti hizo walikuwa humo ndani, wanakunywa maji. Alingoja sana, mpaka taa ya ngazi ikajizima yenyewe.

"Nimechoka," alisema gizani.

Haikuwa sauti nzuri. Ilikwaruza, ilikuwa nene kuliko alivyodhani, na katikati ilivunjika. Alisema tena, kwa nguvu zaidi: "Nimechoka mimi."

Chini, ghorofa ya nne, mlango ulifunguliwa. "Nani huko?" aliuliza Bi Latinka, ambaye kwa miaka mitatu hakukosa hata jioni moja ya Zerin.

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

Rositsa alifikiri kidogo. "Rositsa," alisema. "Wa ghorofa ya saba."